Imekufa au imezimia? Stori ya IST yetu

Kuna kaka mmoja hapa Kigoma, jina simtaji na msinitafute inbox, kila Ijumaa jioni lazima umwone Instagram yuko ufukweni. Mlango wa gari wazi, mguu mmoja nje, miwani ya giza, ziwa limetulia nyuma yake. Gari nyeupe, inang'aa mpaka unaweza kupaka wanja ukijiangalia kwenye boneti. Mimi mwenyewe nimeshamposti humu na maneno yangu ya "mwisho wa reli tunaishi" na nini na nini.

Basi ile gari ni gari mbili. Mbele ni yake, nyuma ni ya marehemu mwingine. Mshono nimeuona kwa macho yangu, unapita sakafuni chini ya siti za nyuma kama kovu la operesheni, siku kapeti lilipotolewa gereji. Na sikwenda pale kuchunguza mali ya mtu. Nilikwenda na msiba wangu.

Wanaonifuatilia siku nyingi wanaijua IST yetu ya bluu, namba C, ile niliyoipiga picha siku inafika nikajiita bosi. Ubosi wenyewe ulikuwa wa kuchangishana. Tuliinunua mwaka 2023 kwa milioni 8.5. Kaka yangu aliuza kiwanja akatoa milioni 3.5. Mama akatoa milioni 2 za biashara yake ya dagaa, hela za miaka hizo, za kuamka alfajiri. Mimi nikatoa 3, na kati ya hizo 2 zilikuwa mkopo wa vikoba. Kaka akawa dereva. Mimi nikawa mpokea hesabu: 25,000 kila siku, Jumapili anapumzika.

Naomba niseme ukweli hapa. Kupokea hesabu kutoka kwa ndugu yako wa damu, tena mkubwa wako, kunakubadilisha taratibu bila wewe kujua. Mwanzoni nilikuwa naandika "Shikamoo kaka, umeshindaje?" ndiyo nauliza hela. Baada ya miezi sita salamu ikakatika. Nikawa nauliza hela tu. Na yeye akaacha kuniita jina langu, akawa ananiita Bosi. Nilidhani ni utani.

Ajali ilitokea usiku, barabara ya Kasulu, kabla hujafika Kidahwe. Alikuwa anarudi na magunia mawili ya maharage ya mteja, abiria hana, nashukuru Mungu mpaka leo. Kulikuwa na lori bovu limesimama, nusu liko barabarani, halina taa hata moja. Wenye lori walikata matawi wakayaweka chini kama tunavyofanya siku zote, ila matawi ya usiku unayaona ukiwa umeshayakanyaga. Kaka akakata kulia, akachelewa kidogo. Kona ya mbele kushoto ikaingia chini ya tela.

Maputo ya usalama yote mawili yalifumuka, la kwenye stelingi na la upande wa abiria. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti, kifua kikabaki na alama nyekundu ya mkanda kutoka bega mpaka tumboni. Lakini alikuwa hai, tena anaongea, anaulizia maharage ya mtu.

Maweni nikakabidhiwa vitu vyake: pochi, viatu, simu. Kioo cha simu kimepasuka ila inawaka. Juu kabisa, kabla ya meseji zote, kulikuwa na yangu ya saa 2 usiku. "Vipi hesabu ya leo?" Hajaifungua. Nilikaa na ile simu kwenye benchi mpaka kunakucha. Sijawahi kumwambia mtu hili, hata yeye. Ataliona humu.

Gari ikaletwa nyumbani Ujiji baada ya polisi kumaliza mambo yao. Bima yetu ilikuwa ile ndogo, inayomlipa uliyemgonga. Ya kwako inakutazama tu. Kwa hiyo ikabaki uani, pua imeingia ndani, kioo cha mbele kama utando wa buibui, na kuku wa mama wakaanza kulala kwenye siti ya nyuma siku ya tatu tu.

Hapo ndipo kila mtu akawa fundi.

Mama akasema, "Mwanangu, nitolee hilo jeneza uani kwangu." Wifi yangu alitaka iuzwe hivyo hivyo ilivyo, maana kuna mtu alishafika mezani na milioni 2 taslimu, na yeye ndiye aliyekuwa anashinda hospitali na kulipia dawa. Ukimwangalia alikuwa na haki. Kaka, mguu umefungwa chuma, anasema itengenezwe. Na mimi nilikuwa upande wa kaka, kwa kelele kuliko hata yeye.

Sababu yangu sikuisema. Nilikuwa najiambia kwamba gari ikirudi barabarani, ile meseji itakuwa haijatumwa.

Kaka hoja yake ilikuwa moja tu, Liemba. Kila mtoto wa Kigoma amekulia kwenye stori ya Liemba, lakini kaka yangu anaisimulia kama vile alikuwepo. Kwamba Wajerumani waliitengeneza kule Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaijaza kwenye masanduku, meli mpaka Dar, treni mpaka hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, 1916, vita vikawazidi, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Wabelgiji wakajaribu kuiinua, ikazama tena. Waingereza ndio wakaitoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya.

"Karibu miaka minane chini ya maji," ananiambia, amelala chali pale wodini. "Minane! Na wewe mwaka 2015 si uliiona ikienda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi? Sasa hii IST iliyogusa tela tu ndiyo tuizike?"

Kweli niliiona. Nilikuwa shule ya sekondari, tulikuwa tunakwenda kutazama bandarini inaporudi imejaa watu. Hoja ilinishika. Nikaenda gereji Mwanga nikiwa nimebeba Liemba kichwani.

Fundi tuliyemfuata ni mzee, hana haraka, hana hata kibao cha gereji. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba binti, akachukua begi lake tukaenda naye mpaka Ujiji kwa bajaji. Nilitegemea atafungua boneti aangalie injini. Hakugusa boneti kabisa. Alifungua mlango wa dereva, akaufunga. Akafungua wa nyuma kulia, akaufunga. Wa nyuma kushoto ukafunga kwa kusukumwa. Wa mbele kushoto ukagoma kabisa. Akainama akapitisha vidole kwenye nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini, kama mtu anayepapasa mbavu za mgonjwa. Halafu akatoa kapeti la mbele akanionyesha sakafu. Bati limejikunja, mawimbi mawili, kama shuka lililosukumwa.

"Binti, unaona bampa, boneti, fenda, taa, rejeta? Hizo nguo. Unavua unavaa zingine. Mimi natafuta mifupa."

Akatoa futi kamba. Akanipa ncha moja nishike. Tukapima mshazari: kutoka tundu moja la boliti mbele kulia mpaka lingine nyuma kushoto, halafu kinyume chake. Kwenye gari nzima namba zile mbili zinatakiwa zilingane, au zitofautiane kitu kidogo sana. Yetu ilikuwa imetofautiana sentimita 4. Akarudia mara tatu, sijui kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Maana yake ni kwamba IST haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mbele kuna mihimili miwili inayobeba injini na miguu, na nyuma yake sakafu na nguzo za milango. Mhimili wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma ukasukuma sakafu na nguzo. Unaweza kuuvuta, kuna watu wanafunga mnyororo kwenye mti wa mwembe wakavuta, lakini bati lililojikunja likinyooshwa halirudi kuwa na nguvu ile ya mwanzo. Ukigonga tena halijikunji pale palipopangwa, linakufuata ulipokaa. Na hata usipogonga, gari itavuta upande mmoja na kula tairi mpaka uchoke.

Nikatoa silaha yangu. "Mzee, mbona Liemba ilikaa ziwani miaka minane na ikafanya kazi?"

Akacheka, akakaa kwenye tairi. "Liemba haikugongwa, binti. Wale waliizamisha taratibu, injini wameipaka grisi kwanza. Huyo ni mtu anayeficha mali yake ili arudi aichukue. Kaka yako aliipaka grisi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikasoma, na ni kweli, mitambo ilipakwa grisi nzito kabla ya kuzamishwa, ndiyo maana ilipotolewa ilikuwa bado inafaa. Ilikuwa imezama, mgongo haukuvunjika.

Haya, mahesabu ya mzee. Kutengeneza inavyotakiwa: kipande cha mbele kizima kilichokatwa kwenye gari nyingine, kitoke Dar mpaka huku, milioni 3.2. Maputo mawili, kompyuta yake na mikanda mipya, laki 9. Kunyoosha, kuchomelea na rangi, milioni 1.3. Shokapu, kioo cha mbele na vidogo vidogo, laki 7. Jumla milioni 6.1, kwa gari ambayo mji mzima wameiona imekufa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nani angetupa hata hiyo 6?

Kuichinja: injini nzima, 1NZ hiyo, inaingia kwenye Probox na Succeed pia, haikai wiki, milioni 1.3. Gia boksi ilipasuka kava, itatoka kwa laki na nusu kwa vya ndani. Milango mitatu mizima na wa buti, laki 7. Siti laki 2 na nusu. Rimu na matairi pamoja na la spea, laki 4. Taa za nyuma, redio, vioo vya pembeni, vikorokoro, laki 4 na nusu. Ganda linalobaki unapeleka skrepa kwa kilo, kama laki na nusu. Jumla milioni 3.4. Mimi nilikuwa bado nadaiwa vikoba milioni 1.1.

Sasa nisingekuwa mimi kama nisingetafuta fundi wa pili. Ndiko nilikoiona ile gari nyeupe ya kaka wa Ijumaa, kapeti limetolewa, amekuja kuzibiwa maji yanapoingia pale kwenye mshono. Huyu fundi ni kijana, anaongea kama redio. Akaangalia picha kwenye simu yangu sekunde kumi. "Dada, hii ndogo. Milioni 2.8, wiki tatu, unalipa nusu. Ikitoka hapa unauza 7.5 bila mtu kujua." Nikamuuliza maputo. "Yale tunashona kava la stelingi likae kama jipya. Ile taa ya kwenye dashibodi inayolalamika tunaizima. Wateja hawaangalii huko."

Toa 2.8 kwenye 7.5 inabaki 4.7. Zidi 3.4 kwa milioni 1.3 nzima. Deni linakwisha, mama anarudishiwa kitu, kaka anapata mtaji. Na mteja alikuwa ameshapatikana, kijana wa Gungu, ndugu zake wamemchangia aanze biashara ya teksi. Alinipigia mara mbili. Ana adabu sana. Ananiita dada mkubwa.

Kabla sijaamua akatokea wa tatu, na huyu ndiye aliyenitisha. Mtu anayejulikana mjini, anachangia harusi, anapigwa picha na wakubwa. Hakuitaka gari hata kidogo. Alitaka kadi, pleti namba, na kile kipande cha bati chenye namba ya chesisi, kikatwe vizuri. Milioni 1.5. Vyuma vyote vingine tubaki navyo tuchinje wenyewe. Yaani karatasi na kibati kidogo kuliko kiganja vilikuwa na bei kuliko injini! Nilimuuliza anavitakia nini. Akanijibu, "Mdogo wangu, wewe si unataka hela?" Mama alikuwa anachambua dagaa pembeni, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie huyo baba kwamba jina kwenye hiyo kadi ni la mwanangu." Tukamalizana naye hapo. Gari gani hiyo isiyokuwa na jina lake mpaka inunuliwe jina la maiti, sikutaka kujua.

Ila ya fundi kijana nilikuwa nimeshaikubali kichwani. Nilikwenda kumwambia kaka nikiwa na furaha kabisa. Alikuwa ameshatoka hospitali, amekaa barazani, mguu kwenye kigoda. Nikamwelezea: milioni 2.8, wiki tatu, akitaka aiendeshe yeye, asipotaka kuna kijana wa Gungu yuko tayari.

"Na puto?" akauliza.

Nikamweleza ya kava na taa.

Alikaa kimya muda mrefu. Wifi alitoka na chai akarudi nayo ndani. Halafu kaka akafungua vifungo vya shati akanionyesha ile alama, ilikuwa imegeuka njano. "Mimi uso wangu unauona ulivyo? Ungeuona ule usiku bila lile puto usingeutambua. Nilifumba macho, nikafumbua, nikakuta uso uko kwenye kitambaa." Akafunga vifungo kimoja kimoja. "Halafu huyo kijana wa Gungu apige kwenye kava tupu. Achinjwe, Bosi."

Alisema achinjwe, kama mnyama au mtu. Gari yenyewe hatukuwahi kuipa jina.

Nikampigia kijana wa Gungu nikamwambia gari haiuzwi. Akaniuliza kama kuna mtu amepanda dau. Nikamwambia hapana, mgongo umevunjika, na ukienda kutazama gari nyingine chukua futi kamba, toa kapeti, fungua na funga milango yote minne. Alinishukuru ila nadhani hakuniamini, alihisi nimempa mtu mwingine.

Mzee alikuja na vijana wake wawili Jumamosi. Sikujua kwamba kuchinja gari kuna utaratibu. Kwanza betri, halafu mafuta yanatolewa yote, halafu vya ndani kabla ya vya nje, maana milango ikitoka kwanza mvua na watoto watamaliza siti. Boliti zinafungwa kwenye mifuko na kuandikwa. Waya za umeme hazikatwi, zinachomolewa kwenye soketi, kwa sababu wenye Probox wanazitafuta zikiwa nzima. Injini iliondoka siku ile ile, ikachukuliwa na jamaa wa Kasulu. Chini ya siti ya dereva tukakuta sarafu, kalamu, punje za maharage, na daftari lake la hesabu. Nilijua analo, sikujua anaandika nini. Kila siku kulikuwa na mistari miwili. Wa juu "Bosi 25,000". Wa chini kilichobaki kwake. Kuna siku nyingi wa chini alikuwa ameandika sifuri.

Kadi na pleti tukazipeleka TRA gari ifutwe. Siti ziko kwenye saluni moja hapa Ujiji, ukienda kusuka unakaa kwenye IST yetu. Taa za nyuma bado ninazo, mwenye kuhitaji tuongee. Milango mitatu ilipata mteja kutoka Uvira. Kaka aling'ang'ania kwenda mwenyewe Kibirizi kuikabidhi, na magongo yake, mchangani, huku mawimbi yanapiga. Wapagazi wakaiweka ya bluu mitatu kwenye boti, juu ya magunia na madumu, wakaifunga kamba. Vioo vilikuwa vimepandishwa juu, kaka alisema visivunjike njiani, na ukiangalia unaona ziwa ndani yake.

Jamaa wa Uvira akamlipa kaka mkononi. Akahesabu polepole, amebana gongo kwapani, akarudia. Halafu akanigeukia, akaninyooshea zote.

"Hesabu ya leo hii hapa, Bosi."

Alikuwa anatania kweli safari hii, nilimwona usoni. Nikamwambia azihesabu tena, nusu yake aiweke mfukoni. Akauliza nusu ya nini. Nikashindwa kuanza. Boti ikawashwa, kelele zikawa nyingi, tukasimama tunaiangalia mpaka rangi ya bluu ikapotea.